Fomu Haina Safu ya Picha

Benki ilinituma Kigoma kuthamini nyumba ya wageni
iliyong'ang'ania kilima cha Bangwe: vyumba saba,
bati la msauzi, hati iliyopauka kwenye mikunjo.
Mwenyewe, Bi Domitila Ntahondi, aliomba mkopo wa tangi la maji.
Nilifika na utepe, pimamaji, na fomu ya kurasa nne.

Mlango wangu haukuwa na namba.
Ulichorwa kambare aliyevaa koti la karani wa reli.
"Wewe unalala Kambare," akaniambia.
"Usiingie Kinyonga, kuna bwana harusi anaumwa tumbo."

Kila ukuta pale ni deni lililolipwa.
Mchoraji wa Kalemi alisubiri meli siku kumi na moja,
fedha zikamwishia siku ya nne;
akaacha wanawake watatu wanaanika dagaa,
wa tatu ametupa mgongo.
Fundi wa Kasulu aliuguzwa homa, akalipa kigoda
chenye miguu mitano, mmoja umenyanyuka kama wa mbwa.
Na kijana ambaye jina lake limesahaulika
aliichora dari ya bafu:
unajimwagia maji, mwezi wenye chunusi unakutazama.

Nikazunguka na fomu.
Kuta: tofali za kuchoma. Nikajaza.
Sakafu: saruji nyekundu. Nikajaza.
Samani:
kalamu ikasita, wino ukafanya nukta, nukta ikavimba.
Nikaandika, *za kawaida*.
Usiku nikaona haya, kama mtu aliyekula kwa watu
kisha akaenda kusema mboga haikuwa na chumvi.

Alfajiri Bi Domitila hupita ukumbini
akizinyoosha picha kwa kiwiko,
maana viganja vina mawese.
Siku ya pili nikatoa pimamaji,
nikalilaza juu ya fremu ya wanawake wa dagaa.
Kiputo kikaja katikati, kikatulia tuli.
Nikaliweka sakafuni:
kiputo kikakimbilia upande wa mlima
kama mbuzi aliyesikia mvua.

"Mama, picha imenyooka. Nyumba ndiyo inalielekea ziwa."

Akacheka hadi akaketi,
akakikalia kile kigoda kisichokalika, nacho kikamkubali.
"Nalijua hilo tangu zile mvua," akasema.
"Kwani mimi niliomba mkopo wa msingi?"

Usiku wa tatu umeme ulikatika.
Kwa tochi ya simu nikarudi ukumbini,
nikamtazama yule aliyetupa mgongo,
mabega yake yamepanuka kama ya mtu anayeziba mlango
asione mgeni kilichomo ndani.
Nikaiinua picha.

Ufa ulikuwa nyuma yake, umesimama wima,
na kandokando mwandiko wa penseli, wa mkono wenye subira:
*Machi, wembe.*
*Mwaka uliofuata, kadi ya kliniki.*
*Baada ya Pasaka, sarafu ya mia.*
Chini kabisa, hakuna mwezi wala mwaka:
*kidole cha Jeneroza.*
Jeneroza ni mjukuu. Asubuhi aliniletea uji,
na vidole vyake, nilivitazama,
bado ni vyembamba.

Nikairudisha picha. Nikainyoosha kwa kiwiko,
sijui kwa nini, mikono yangu ilikuwa mikavu.

Nililipa taslimu, usiku tatu.
Alihesabu, akanirudishia chenji, akaniuliza kama kambare alikoroma.
Hakuniuliza nimeandika nini.

Treni ilipoiacha Uvinza na harufu yake ya chumvi
fomu ilikuwa bado gotini, imejaa, isipokuwa mstari mmoja.
*Nyufa, kama zipo:*
Jirani yangu alikuwa akimenya yai, akaniuliza saa.
Nilikuwa nimeshika ile sarafu ya mia
kwa ukingo wake, kati ya kidole na kidole,
naona ilivyo nyembamba,
naona ilivyo nene.