Wiki ya Kwanza, Vuta Tu

"Wiki ya kwanza, vuta tu," aliniambia Daktari Tahiya,
pale Makadara, ghorofa ya pili, kalamu ingali juu ya cheti.
"Kidonge ukimeze ukishakula. Na sigara vuta.
Siku ya nane ndiyo uache."
Nikacheka. Miaka kumi na tisa ya moshi,
sijapata kuona dawa yenye adabu hii,
inayobisha hodi kabla ya kumtoa mpangaji.

Duka la dawa la Digo Road, yule kijana
alihesabu pesa zangu mara mbili, akasema pole,
kana kwamba nimefiwa.
Ningenunua pakiti ngapi kwa bei ile?
Nilipiga hesabu nimesimama juani,
kisha nikawasha moja, ya ruhusa.

Siku ya tatu nilimeza na tumbo tupu, kwa ukaidi.
Nilitapika mpaka kahawa ya jana.

Siku ya tano, saa nne, nyuma ya bohari la chai, Shimanzi,
Kadzungu alinikingia njiti kwa viganja, kama desturi,
nikavuta —
hakuna.
Moshi uliingia, ukazunguka, ukatoka
kama mgeni aliyekosea nyumba.
Nikaitazama ile sigara. Haikuzimika.
Aliyezimika ni mimi.
"Vipi?" kauliza Kadzungu.
"Imelowa," nikamwambia.
Niliona haya kusema kwamba kitu
tulichojengea urafiki wetu
kimekuwa karatasi inayoungua.

Habari ya ndoto daktari aliitaja, kweli,
kama mtu anayetaja manyunyu.
Wallahi zile hazikuwa ndoto. Zilikuwa sinema za Kihindi,
rangi zote, na mwisho haufiki.
Usiku mmoja marehemu kaka yangu Mbarak
aliketi ukingoni mwa kitanda, kifua chake kimya,
kile kifua kilichokuwa kikilia kama bawaba,
akaniomba moto.
Nikajipapasa. Sina. Kaka, sina.
Nikaamka nimeukumbatia mto wa mke wangu,
natafuta kiberiti ndani ya pamba.
Swafiya aliwasha taa. Hakuuliza. Alinipa maji.
"Cha jioni kimeze alasiri," daktari akasema kwenye simu,
na Mbarak hakurudi tena.
Sijui kama nilifurahi.

Pua ilirudi wiki ya sita, na haikurudi kwa heshima.
Kwanza ilinusa mtaro wa Mwembe Tayari.
Kisha kabati letu:
mashati yangu, na baina ya mashati, leso zake,
na buibui lake jipya la Idi, lisilovaliwa bado,
vyote vimefukizwa kwa udi wangu mimi.
Miaka yote amelala katika chumba kile
na neno lake lilikuwa moja tu:
"Fungua dirisha, bwana."

Halafu chai. Mie karani wa chai,
magunia nimeyahesabu kama mtu anayehesabu mawe,
asubuhi moja nikasimama kati ya safu ya saba na ya nane,
ubao wa hesabu mkononi,
nikasahau nambari.

Juzi nimemeza cha mwisho.
Nikamuuliza Swafiya: aliyeacha nani hapa,
mimi au kidonge?
Anachambua mchele, hainui macho.
"Kidonge kilikuwa juu ya friji.
Hakikuteremka chenyewe."

Saa nne Kadzungu bado huenda nyuma ya bohari.
Nami huenda. Mkono hukimbilia mfuko wa shati,
hukuta mabuyu ya senti kidogo, vidole vinakuwa vyekundu.
Yeye anavuta, mie natema kokwa,
tunaisema bei ya unga.
Upepo ukigeuka, moshi hunijia,
nami husimama palepale kidogo,
zaidi ya inavyonipasa.
Kisha huhamia upande wa pili.