Kizuri Hakijajiuza

Kizuri chajiuza, walisema.
Basi nimesimama hapa tangu alfajiri,
Septemba, Tartu, mto unafuka mvuke kama sufuria,
na kabichi zangu, nzuri kuliko mimi siku ya harusi yangu,
hazijafumbua mdomo.

Kwa hiyo nitasema mimi.

Dada wa koti la kijani, usipite.
Shika karoti hii. Ndiyo, ina miguu miwili:
ilikutana na jiwe huko chini
ikaamua kulizunguka pande zote.
Ile ya supamaketi imenyooka kama askari wa gwaride,
imeogeshwa, imevishwa plastiki,
imesafiri kuliko nilivyosafiri mimi maisha yangu yote.
Hii imekuja kwa gari la mpwa wangu Taavi
na udongo bado uko mabegani.
Inuse.
Usione haya, sokoni watu hunusa.

Unauliza bei.
Naona inavyokupiga,
macho yanashuka mpaka kwenye pochi.
Mimi pia nina pochi, dada, najua inavyolia.
Sitakuambia ni rahisi.
Nitakuambia kilichomo ndani ya bei:
magoti yangu mawili, yanayopalilia tangu Mei;
nusu ya kabichi, iliyoliwa na viwavi
(walishiba, wakaota mabawa, hata asante hawakusema);
samadi ya ng'ombe watatu, mmoja wao mkorofi;
na mkaguzi wa kilimo hai, Bwana Raudsepp,
anayekuja na viatu safi,
anayesoma risiti za mbegu kama barua za mapenzi,
kisha anaondoka na robo ya shamba kwenye soli.

Zamani tulipiga dawa. Sifichi.
Endel wangu alibeba pampu mgongoni,
akitembea kinyumenyume kama mtu anayeaga,
na jioni harufu ilifika mezani kabla yake.
Mavuno yalikuwa mengi. Hilo nalo sifichi.
Alipofariki, daktari alisema ni moyo;
siwezi kuisingizia chupa kifo nisichokipima.
Nasema hili tu: theluji ilipoyeyuka
nilichimba shimo nimpandie mti wa tufaha.
Sepetu ya kwanza, ya pili, ya kumi,
sikuona nyungunyungu hata mmoja.
Udongo ulikuwa kimya
kama nyumba niliyotoka.

Niliwangoja miaka minne.
Majani makavu, mboji, maganda ya viazi,
nikiwatandikia kama wageni waliokataa mwaliko.
Wa kwanza alipojitokeza,
mwekundu, mwembamba, amekasirika kwa kuamshwa,
nilipiga kelele hadi Taavi akaja mbio
akidhani nimejikata.

Dada wa koti la kijani amekwenda.
Alishika, akanusa, akairudisha taratibu
mahali palepale ilipokuwa.
Simlaumu. Mwisho wa mwezi nao ni hali ya hewa.

Sasa yupo kijana, mwanafunzi, nywele bado zimelala.
Anataka bitiruti moja. Moja tu, ya supu.
Anaigeuza, anaikagua kama Raudsepp mdogo,
anatazama kibao changu chenye nembo,
anahesabu sarafu kiganjani mara mbili
kana kwamba zitazaana.
"Nikiikata," anauliza, "itanipaka rangi?"

Itakupaka, mwanangu.
Vidole, kibao cha kukatia, na shati ukizubaa.
Kesho utaingia darasani
na mikono ya mtu aliyejipikia.

Anacheka. Anatoa sarafu.
Naiweka ile moja kwenye mfuko,
kisha, mizani ikiangalia pembeni,
naweka na ya pili.