Mwimo wa Mlango wa Risper

Nimekuja Nyalenda na utepe wa mita tano,
buti za mpira za kuazima,
na fomu arobaini zenye muhuri wa idara.
Swali la saba: Maji yalifika wapi?

Fundi Okwiri anagusa goti.
Binti wa kibanda cha mkaa anagusa kifua, kisha anacheka,
maana mwaka ule alikuwa mfupi.
Mwenye bodaboda anaonyesha tangi la petroli.
Hakuna anayejibu kwa sentimita.
Naandika: goti, kifua, tangi,
nikijua Dakta Nasimiyu atazungushia wino:
Kipimo gani hiki?

Mto Auji leo ni mwembamba,
unajipenyeza kati ya mifuko na majani ya nduma
kama mtu aliyevunja kitu jana
na leo anasalimia kila mmoja.
Haukumbuki. Kuta ndizo zinazokumbuka.

Kwa Risper, nyumba ya tatu kutoka darajani,
mwimo wa mlango umejaa alama.
Kushoto, kwa kisu: urefu wa Dan, kila Desemba,
tangu aliposimama dede.
Kulia, kwa mkaa: urefu wa mto, kila Aprili.
"Nalea wawili," anasema, akichambua omena,
"na hakuna anayeniomba ruhusa ya kukua."

Napima.
Dan, themanini na mbili. Mto, tisini na nne.
Mwaka uliofuata mtoto kaupita mto kwa vidole vitatu.
Uliofuata, mto tena.
Halafu kushoto pana pengo,
mwaka mzima wa mbao tupu.
Utepe unanirudia mkononi kwa kishindo.
"Nilimpeleka Seme kwa nyanya yake," anasema, bila kuinua macho.
"Sikutaka apimwe na maji."

Namsomea kichwa cha tasnifu yangu,
kile nilichokipigania mihula miwili:
Ustahimilivu wa Makazi Kandokando ya Mto.
Anaacha omena.
"Kustahimili tumestahimili, mama. Andika mtaro."

Kisha anaitazama ramani kwenye simu,
kidole chenye magamba juu ya doa jekundu.
"Hapa ni kwangu?"
Ni kwako.
"Na tingatinga, hilo nalo linajua kusoma?"

Darasani tulisema mto urudishiwe nafasi yake,
mita thelathini kila upande.
Tulilisema vizuri, kwa picha za miji ya mbali
yenye nyasi, madaraja ya mbao, baiskeli.
Mimi mwenyewe nilipata alama sabini na nane.
Kutoka ukingoni hadi jiko la Risper
ni mita kumi na tisa.
Hiyo sikuiandika. Niliihesabu kwa hatua
nikijifanya naelekea barabarani.

Usiku, chumbani, nyumba yake
ni kijimraba kimoja tu kwenye skrini,
kidogo kuliko kucha.
Nakipaka rangi ya chungwa. Nakirudishia nyekundu.
Maji hayadanganyiki kwa rangi,
lakini watu wa ofisini je?
Nachora mtaro, kutoka kituo cha maji hadi kwenye matete,
naufuta, nauchora upya, mpana zaidi,
naandika pembeni: kwanza huu, kabla ya lolote.
Nachora na mwimo wa mlango. Mchoro wa nne,
kushoto kisu, kulia mkaa, pengo nimeliacha wazi.

Kompyuta inauliza kama nataka kuhifadhi.
Tone la kwanza linagonga bati, la pili, halafu sihesabu tena.
Desemba iliyopita Dan alikuwa na mita moja
na sentimita kumi na nne.