Umeme Unaopumzika

Wamenituma Kajaani na jedwali,
karatasi tatu na kalamu ya risasi,
niupange umeme wa simu kwa madaraja:
huu hauna neno, huu una masharti,
huu usiguswe.
Nje theluji imefika madirishani.
Ndani, Tauno Heikkurinen anapita kati ya betri
taratibu, na viatu vyake vya mpira,
kama apitaye wodini watoto wamelala.

Ishirini na nne, kila moja volti mbili,
mitungi ya kioo, asidi, mabamba ya risasi.
Hesabu ya mtoto wa shule: arobaini na nane.
Lakini mbele yake wameweka alama ya kutoa.
Nauliza kwa nini hasi.
"Chanya tumeizika," anasema. "Ardhini.
Ukigeuza, maji ya udongo yataila shaba
waya kwa waya, na siku moja utachimba
njia nzima hadi Sotkamo
ukitafuta ilipoishia."

Naandika: chini ya sitini, mkondo mnyoofu.
Ngozi kavu, mahali pakavu: salama.
Nafasi ni ndogo, neno moja linatosha.

Tauno anasoma juu ya bega langu.
Hasemi kitu. Ananyoosha mkono wa kushoto.
Kidoleni pana duara jeupe
linalong'aa, halina hata kinyweleo.
Mwaka wa sabini na moja: spana, pau mbili za shaba,
na dhahabu ya ndoa katikati.
Volti hazikumtikisa ukope.
Ila betri hazijui kutoa kidogo;
pete iliiva nyekundu
kabla hajalitaja jina la Mungu.
"Martta alininunulia nyingine," anasema.
"Kila asubuhi naiacha kikombeni, nyumbani."

Jedwali halina safu ya pete.

Halafu mlio. Huo ni umeme mwingine,
volti tisini, uendao mbele na kurudi nyuma,
unaopanda waya uleule kuamsha kengele.
Ungestahili kukaa na wale wanaouma.
Lakini walioandika kanuni waliusamehe
kwa sababu unapumzika:
sekunde moja unalia, nne unanyamaza,
na katika zile nne mkono hupata kuachia.
Sijapata kusoma huruma
iliyopimwa kwa saa namna hiyo.

Tauno anacheka. Juu ya nguzo, Ristijärvi,
nyuzi thelathini chini ya sifuri,
waya zimekatika, kazishika kwa meno,
na mtu akapiga simu.
Si yake. Ya Hilja Karppinen, mjane wa nyumba ya mwisho.
Mwanawe, kutoka Göteborg,
baada ya miaka mitano ya kimya.
"Niliupokea mimi kwanza," anasema. "Kwa meno."
Akaunganisha upesi, vidole vikitetemeka,
akimwomba huyo kijana asiyemjua
asichoke, asichoke, alie tena.

Nauliza kama alisubiri.
Tauno anainama, anafuta tone la asidi sakafuni
kwa kitambaa chenye matundu.
"Taa ya dirishani iliwaka," anasema.
"Mimi nilikuwa bado juu."

Narudi kwenye karatasi.
Daraja la pili, naandika: kwa masharti.
Kisha naiweka kalamu ya risasi chini,
naazima wino mezani kwake,
na pembeni, nje ya mistari,
naandika: Vua pete.