Kipengele cha Saba

Saa moja jioni. Theluji imefika kwenye vioo.
Madiwani watano wamevua glavu, makoti hawajavua,
maana boila ya ukumbi huu ilikatwa kwenye bajeti
mwaka juzi, kura tatu dhidi ya mbili.
Niliziandika mimi hizo kura.

Meya Toivonen anagonga meza kwa kikombe cha kahawa;
nyundo ya kikao ilipotea, na nyingine haijaidhinishwa.
Kipengele cha saba: mishahara ya maafisa wa kuteuliwa.
Waliochaguliwa wana wapiga kura wao.
Sisi wa kuteuliwa tuna Jumanne hii.

Anaanza Mkurugenzi wa Mji, Bwana Brandt,
na jedwali lake la rangi tatu:
miji kumi na miwili yenye watu kama wetu kwa idadi,
na anacholipwa mwenzake katika kila mmoja.
Ajabu, miji yote aliyoichagua ina ziwa,
na mahoteli kando ya ziwa.
Diwani Dufresne anavaa miwani, anaivua.
"Humu sioni mji uliofungiwa mgodi."
(Naandika: Diwani Dufresne aliomba ufafanuzi.)

Mkuu wa Zimamoto: dakika nne, ndiyo kwa wote.
Nani atamnyima nyongeza mtu aliyemshusha mama yako
ngazini, amemviringisha blanketi?

Rautio wa maji hakuja kujitetea.
Yuko Mtaa wa Tatu, ndani ya shimo,
anayeyusha bomba la watu wasiojua jina lake.
Kama hayupo, akasema Diwani Maki, basi tuahirishe.
Ndipo Bi Pesonen akainuka kwenye viti vya wananchi,
bili ya maji mkononi.
"Hii nailipa kwa pensheni ya marehemu.
Nikisikia mtu anapewa dola elfu mia kwa kukaa,
nataka kujua anakalia nini.
Lakini huyo aliye shimoni, mpeni."
Meya akamkumbusha kwamba dakika zake zimekwisha.
Alikuwa ametumia nusu.

Halafu likasomwa: Karani wa Mji.

Kikaingia kimya, kile cha ndani ya lifti.
Kanuni inataka anayejadiliwa atoke nje.
Kanuni inataka karani asitoke.
Mwanasheria wa mji akafungua kitabu, akakifunga
(yeye hulipwa kwa saa, hakuwa kwenye ajenda).
"Aili, wewe andika tu," akasema Meya,
"sisi tutazungumza kana kwamba haupo."

Wakazungumza kana kwamba sipo.

Kwamba Karani ni wa kutegemewa.
Kwamba mume wa Karani ana kazi nzuri reli.
(Ameaga, mwaka wa tatu huu.
Cheti chake nilikigonga muhuri mimi.)
Kwamba Karani hajawahi kulalamika:
hilo lilitajwa mara mbili, kama sababu.

Mwamba ngozi huvutia kwake,
na ngozi nzima nilikuwa nayo mimi: kalamu, tarakimu,
ukurasa ambao hakuna atakayeufungua kabla ya Machi.
Mbili na tano hufanana ukizitazama kwenye kioo.
Nikaandika mbili. Asilimia mbili.
Hoja ya Maki, ikaungwa mkono na Dufresne,
wanne ndiyo, mmoja hapana.

Huyo mmoja ni Diwani Halme,
ambaye miaka sita hii hajanisalimu hata kwa nyusi.
Akaomba sababu yake iingie kwenye kumbukumbu.
"Ni ndogo mno."
Nikaiingiza. Herufi zikatoka kubwa kidogo kuliko nyingine.
Sikuzirekebisha.

Kikao kilifungwa saa tatu na dakika kumi.
Taa nilizima mimi.

Mtaa wa Tatu, shimo bado linafuka mvuke.
Rautio akainua kichwa, barafu kwenye ndevu.
"Wamesemaje?"
"Wameahirisha."
Akafuta mikono kwenye suruali, akasikiliza chini kidogo.
"Maji yametoka," akasema.