Chungu cha Ngapi

Shekuwe alipoangusha dari lake kule Langoni
boriti ya tatu ilikatika kama mkate wa juzi.
Ndani: vyumba, ushoroba, mayai kama punje za pishori,
na wenyeji wakitimua mbio, watoto vinywani.
"Mafuta ya taa hayo," akasema, keshaanza kumimina
upande ule. Nikamwambia, upande huu
niachie.

Mimi ni fundi wa saa. Siku hizi saa imo simuni,
kazi yangu betri na mikanda,
na lile jicho la kioo limelala drooni.
Nikalivaa.

Chungu mmoja, karatasi nyeupe,
juu yake glasi ya Seiko ambayo mwenyewe hakurudi.
Rangi ya kaharabu. Tumboni madoa, huku na huku.
Kiuno kina kifundo kimoja, cha pili sikukiona.
Mgongo hauna mwiba.
Kipapasio kimepinda kama kiwiko, nikakihesabu pingili
nihesabuvyo meno ya gurudumu: kumi na mbili.
Nikamshika. Akauma kwanza,
kisha akapaka jeraha kitu chenye harufu ya siki.
Basi si sungusungu, yule ana mshale nyuma.
Wala si majimoto, ambaye hushona majani ya mlimau
na kukupigania mchana kweupe.
Huyu hutoka watu wakishalala.
Jina lake kwa Kiswahili silijui.
Nilimwita mla-boriti, nikaona namsingizia:
hakula kitu. Alitoboa akakaa.

Nikawapa chupa ya dawa ya kikohozi,
bomba la kioo, pamba iliyolowa maji,
na karatasi nyekundu ya peremende juu yake,
maana wekundu kwao ni giza.
Poda ukingoni, mguu uteleze.
Tone la asali katika kifuniko cha saa ya kike.
Nyama ilikuwa kazi ya mjukuu wangu Swabra:
mende, kwa ndara, kila jioni.
Nikawaweka kidakani, palipokuwa na birika la mamangu.

Mmoja wao alikuwa na kichwa kikubwa, mwendo wa taratibu.
"Malkia huyo," nikamwambia Swabra.
Tukamwita Bibi.
Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka,
tulimpa shikamoo yake.

Ukaingia mwezi wa mfungo.
Mitaani watu wakiulizana, leo chungu cha ngapi?
Mimi nilikuwa na hesabu mbili.
Chungu cha kwanza: mia na arubaini.
Chungu cha kumi: mia na tatu.
Chungu cha ishirini: sabini, na mmoja mguu wake haupo.
Hesabu ya watu inapanda, yangu inashuka,
na Bibi anakula asali, hatagi.

Usiku wa kuamkia Idi Swabra akaliazima jicho.
Akainama. Akakawia.
"Babu, si ulisema malkia alizaliwa na mbawa
akazikata mwenyewe?"
Nilisema.
"Makovu yake yako wapi?"
Nikatazama. Mgongo laini kama punje ya kunde.
Kichwa kipana, bega jembamba.
Miezi mitatu tumekuwa tukimwamkia bawabu.

Mama alikuwa upande ule.

Sikumwambia Shekuwe. Angesema, chungu tu.

Lakini mayai machache yakaonekana, sijui ya nani,
wajakazi wale wenyewe nadhani, kila mmoja kwa siri yake.
Na yai lisilo na baba hutoa dume.
Wakatoka tisa: weusi, kichwa kidogo, mbawa ndefu,
hawajui kazi yoyote ya nyumba.
Usiku mmoja mvua ikanyesha, joto halijaondoka.
Nikapangusa poda.
Nikafungua dirisha.
Sikuhesabu.

Waliobaki sasa ni kumi na mmoja.
Bawabu yupo pale pale, kichwa chake kimeziba bomba.
Sijui anamzuia nani.
Asubuhi, Swabra akishakwenda shule,
namwamkia.