Daftari la Furu

Nyegezi, saa tatu kasorobo asubuhi.
Tangi namba saba.
Jike ana rangi ya tope,
kioo kimemtenga na madume wawili:
mmoja bluu kama moto wa jiko la gesi,
mwingine mgongo umewaka pilipili.
Saa ya mkononi. Kalamu. Dakika ishirini.
Kazi yangu ni kuhesabu.

Siku ya kwanza niliandika: anampenda mwekundu.
Daktari Rwegoshora akalikata neno kwa wino mweusi,
hakugomba, alikata tu, kama mtu anayetoa mwiba wa samaki
kwenye wali wa mtoto.
"Kupenda umekuona wapi, Nyanzobe?
Kuna pezi? Kuna mkia?
Andika ulichokiona."
Nikaandika: amemkaribia mwekundu mara kumi na nne,
bluu mara tatu.

Mchana tunabadili mwanga.
Tunafunika taa kwa plastiki yenye rangi ya chai kavu
ili maji yafanane na ya ghuba siku hizi,
mvua inaposhusha udongo wa mashamba
na povu la sabuni la vilima vyote vya mjini.
Jike yuleyule, madume walewale:
nane kwa saba.
Hajageuka moyo.
Haoni, basi.

Ijumaa tukatoa kioo.
Dume mwekundu akatandaza pezi lenye madoa ya njano,
mfano wa mayai, na si mayai,
na jike, aliyekwisha kuyakusanya ya kwake kinywani,
akayafuata yale ya uongo ayaokote,
na hapo hapo ya kweli yakarutubishwa.
Nilicheka peke yangu, maabara nzima ikanijibu mwangwi.
Tangu siku ile, siku kumi na tisa,
shavu lake limejaa kama la mtoto aliyeficha peremende.
Chembe za chakula zinashuka mbele ya pua yake
hadi mchangani.
Neno lilinijia, nikalimeza.
Nikaandika: hajala.

Kwetu Mkolani
baba anaishi upande mmoja wa mwili tangu kiharusi cha Pasaka,
na majirani wameshahukumu:
mama Nyanzobe amemchoka mumewe,
hata kumsemesha hamsemeshi.
Shangazi Kabula alililia jambo hilo kwenye simu
mpaka salio likakatika.
Na mimi niliamini.

Jumapili nikachukua daftari,
nikakaa pembeni ya kabati la vyombo.
Saa moja hadi saa tatu usiku. Taa moja.

Mama amegeuza mto mgongoni mwa baba: mara nne.
Amepuliza uji, akauonja mwenyewe kwanza: mara kumi na moja.
Amemfukuzia nzi, na nzi hayupo: mara mbili.
Maneno: hakuna.
Lushinge, mdogo wangu, akipita kwenda kuoga,
ameshika kidole cha baba, kile kisichohisi: mara moja.
Jicho la baba limeufuata mkono wa mama
kwenye bakuli, kwenye kanga, kwenye koleo la mkaa,
na hapo hesabu ikanipotea.

Kumbe hata mimi nilikuwa nawatazama
kwa taa iliyofunikwa plastiki ya chai.

Nikapiga mstari nijumlishe,
kama nilivyofundishwa, kila aliyekuwamo tangini.
Mama. Lushinge. Nzi asiyekuwapo.
Halafu Nyanzobe, miaka ishirini na sita, mzaliwa wa kwanza:
amemkaribia mara sifuri.
Muda, saa mbili.
Umbali, hatua tatu.

Nikaitazama ile sifuri, mviringo kama yai.
Sikuwa na wino mweusi wa kuikata.

Uji ulibaki nusu bakuli.
Niliposimama, kalamu ilibingirika chini ya kabati
na mama, bila neno, akasogea kwenye mkeka
akaniachia kijiko.

Nikaupuliza.
Nikauonja kwanza.